MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Nyinyoro ya Bondeni, Ua Dogo la Mwezi wa Mei



Mama mmoja, msomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu, ametuletea barua yenye swali ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa faragha, maana lawafaa wengi. Binti yake amekwenda kusoma Ufaransa. Asubuhi ya tarehe 1 Mei, jirani wa mlango wa pili alibisha hodi, akampa kikonyo kimoja cha maua madogo meupe yenye harufu nzuri mno, akamtakia heri, akaenda zake. Binti hakujua sababu ya zawadi ile, wala hakuwa na chombo cha maua. Basi akatwaa bilauri yake ya kunywea, akatia maji, akakisimamisha kikonyo ndani yake, akaiweka bilauri juu ya meza kando ya kitanda. Usiku akaamka na kiu, akanyosha mkono gizani, akaishika bilauri ile ile. Ilipofika karibu na mdomo, jani likamgusa shavu. Akatambua alichoshika, akacheka peke yake, akairudisha mezani. Kesho yake aliwasimulia wenzake chuoni, lakini wao hawakucheka. Mmoja akamwambia, “Dada, shukuru kwamba hukunywa. Maji yale yana sumu.”

Sasa mama anatuuliza: Hilo ni ua gani, ambalo watu wazima wenye akili zao hupeana kwa upendo, nalo lina sumu? Tena, amwandikie mwanawe alitupe, asilipokee tena?

Tutalijibu swali hili kwa taratibu. Ua lenyewe lastahili kujulikana, na jibu la haraka lingelidhulumu ua, na jirani mwema pia.

Kwanza tuseme jinsi lilivyo. Wafaransa huliita muguet. Wataalamu wa mimea huliita Convallaria majalis, na jina hilo limo katika kitabu kikubwa cha mimea alichokitoa Linnaeus, mtu wa Uswidi, mwaka 1753. Kwa lugha ya Kilatini jina la kwanza latoka katika neno lenye maana ya bonde, na la pili katika mwezi wa Mei. Makao yake ni misitu ya Ulaya na ya sehemu za Asia zenye baridi. Msitu wa huko haufanani na wetu. Majira ya baridi yakikaribia, mialoni na miti mingine mingi hupukutisha majani yote, ikabaki matawi matupu, na mwanga hushuka hata ardhini. Majira ya kuchipua yakifika, mimea midogo ya chini hufanya haraka kutoa majani na maua, kabla majani mapya ya juu hayajaziba mwanga wote. Kati ya mimea hiyo ya haraka, huu ni mmoja.

Chini ya udongo una shina litambaalo, mfano wa tangawizi lakini jembamba zaidi. Kutoka katika shina hilo huchomoza machipukizi yenye ncha, na kila chipukizi hufunua majani mawili mapana, mabichi, yaliyokumbatiana chini. Kando ya majani hayo hupanda kikonyo kimoja, kirefu kama shubiri moja hivi, nacho hubeba maua 5 hata 15, yote yakiinamia upande mmoja. Kila ua ni mfano wa kengele ndogo nyeupe, upana wake hauzidi milimita 10, na mdomo wake umegawanyika ncha 6 zilizojikunja nje. Huwezi kuona ndani yake mpaka uiname, ama ukiinue kikonyo mbele ya macho yako. Baadaye, mwisho wa joto, ua lililochavushwa hugeuka kuwa tunda dogo jekundu la kupendeza. Tunda hilo tutalitaja tena.

Jambo moja la ajabu ni hili. Shina lile la chini huendelea kutambaa mwaka hata mwaka, hata mtu akakuta eneo kubwa la msitu limejaa kengele nyeupe, akadhani ni mimea maelfu, kumbe huenda yote ni mmea mmoja. Na mmea huo haujitoshelezi, kwa maana chavua yake wenyewe haiwezi kuzalisha mbegu zake. Hata ukiwa na maua mengi namna gani, hauzai tunda mpaka nyuki amletee chavua kutoka kwa mmea mwingine ulio mgeni kwake.

Sasa kuhusu jina. Wengi wa wasomaji wetu wataukumbuka mlango wa pili wa Wimbo Ulio Bora, ambapo latajwa ua la mabondeni. Wafasiri wetu wa Kiswahili waliandika nyinyoro, mmea wenye kitunguu tuujuao. Biblia ya Kilatini iliandika yungi la mabondeni, na kutoka katika maneno hayo watu wa Ulaya walikipa jina hilo kijiua chao cha msituni. Lakini walimu watufahamishie watoto jambo hili wazi: ua linalotajwa katika Maandiko silo hili. Hili halioti lenyewe katika nchi ya Palestina. Jina lilisafiri kutoka kitabuni mpaka msituni, likapata makao mapya. Sisi nasi, kwa kuwa hatuna jina letu wenyewe la ua hili, tutaliita nyinyoro ya bondeni, tukikumbuka kwamba si ile nyinyoro ichanuayo kwetu mvua zikianza.

Twende sasa kwenye zawadi ya tarehe 1 Mei. Inasimuliwa Ufaransa kwamba Mfalme Charles wa 9, alipokuwa bado mtoto wa miaka 10, mwaka 1561, aliwagawia mabibi wa baraza lake kila mmoja kikonyo cha nyinyoro ya bondeni siku hiyo, akaamuru ifanyike hivyo kila mwaka. Hiyo ni hadithi ya wazee, nasi twaipokea kama hadithi.

Habari za baadaye zina uhakika zaidi, tena hazina utamu mtupu. Mwaka 1886 wafanyakazi wa Marekani, hasa wa mji wa Chicago, waligoma mwanzo wa mwezi wa Mei wakidai kazi isizidi saa 8 kwa siku. Mwaka 1889 wajumbe wa wafanyakazi wa nchi mbalimbali walikutana Paris, wakapatana kwamba siku hiyo iwe siku yao, na mwaka 1890 wakaiadhimisha mara ya kwanza. Mwaka 1891, katika mji mdogo wa Fourmies kaskazini ya Ufaransa, askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika siku hiyo, wakafa watu 9, na wengi wao walikuwa vijana. Katika miaka iliyofuata, wafanyakazi wa Ufaransa walizoea kuvaa kifuani ua la waridi la mwituni, jekundu, liwe ishara yao.

Basi nyinyoro nyeupe iliingiaje mahali pa waridi jekundu? Tangu mwanzo wa karne ya 20 desturi ya kupeana nyinyoro tarehe 1 Mei ilikuwa imeenea Paris na vijiji vya kando yake. Hata mwaka 1941, wakati nusu ya Ufaransa ilipokuwa chini ya majeshi ya Wajerumani, serikali ya Marshal Pétain iliifanya siku hiyo kuwa sikukuu ya kazi kwa namna iliyoipenda yenyewe, na ua jekundu likaondolewa, kwa maana liliwakumbusha watu madai ya wafanyakazi. Nyinyoro nyeupe ikawekwa mahali pake. Vita vilikwisha, serikali ile ikaanguka, na mwaka 1947 sheria ikaamuru kwamba siku hiyo wafanyakazi wapumzike na walipwe mshahara wao. Lakini ua jeupe watu hawakuliacha. Hawakulipenda kwa ajili ya serikali, maana walikuwa wakipeana wao kwa wao tangu zamani. Kwa hiyo binti wa barua yetu, alipopokea kikonyo kile, alipokea pamoja nacho habari ndefu kuliko alivyodhani.

Hata leo, siku hiyo moja tu ya mwaka, desturi ya Ufaransa yamruhusu mtu wa kawaida kuuza nyinyoro barabarani bila kuwa na leseni ya biashara. Ila kila mji una masharti yake, na kwa kawaida masharti ni haya: maua yawe yamechumwa msituni ama katika bustani yake, yawe kiasi kidogo, yasichanganywe na maua mengine, na muuzaji asisimame karibu na duka la muuza maua. Utawaona watoto na wazee pembeni mwa njia na ndoo ndogo, wakiuza kikonyo kimoja kimoja. Wengine husadiki kwamba kikonyo chenye kengele 13 kamili huleta bahati, wakasimama kuhesabu mpaka mnunuzi wa nyuma achoke kungoja. Sisi twaona bahati ya ua hili haimo katika hesabu, imo katika kukumbukwa na jirani.

Hata hivyo msitu haungeweza kuitosheleza nchi nzima. Sehemu kubwa ya nyinyoro inayouzwa Ufaransa hulimwa kandokando ya mji wa Nantes, upande wa magharibi, penye udongo wa kichanga na hewa ya bahari isiyo kali. Kazi hiyo ni ya subira. Mkulima hupanda vipande vya shina lile la chini vyenye machipukizi, na hungoja miaka 2 au 3 kabla ya kuvuna. Tena shida yake si kupata ua tu, bali kulipata siku yenyewe. Nyinyoro iliyochanua tarehe 20 Aprili ni hasara, na ya tarehe 10 Mei ni hasara vile vile. Kwa hiyo mashamba hufunikwa kwa vifuniko. Hali ya hewa ikiwa ya baridi, vifuniko hushushwa ili kuongeza joto. Joto likizidi, huinuliwa, na huwekwa kivuli ili kulichelewesha ua. Mwisho wa Aprili vibarua maelfu huinama mashambani siku kama 10 hivi, wakivuta kikonyo kimoja kimoja kwa mkono, maana mashine ya kufanya kazi hiyo kwa upole wa kutosha haipo. Kikonyo kinachouzwa kwa fedha kidogo mlangoni pa kanisa au stesheni kimepita katika mikono mingi.

Hapa tuwaeleze akina mama na mabinti jinsi ua hili linavyochumwa na kufungwa shada, kwa kuwa kanuni zake zafaa kwa maua mengi laini, hata ya kwetu.

Huchumwa asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, wakati kengele 2 au 3 za chini zimefunguka, na zile za juu zingali matumba ya rangi ya kijani kibichi. Likichumwa yote yamekwisha kufunguka, halitakaa. Likichumwa yote yamefumba, huenda lisifunguke kabisa. Halikatwi kwa kisu. Mtu hushika kikonyo chini kabisa, akakivuta polepole kwa kukiinua, nacho huchomoka kwa sauti ndogo. Majani huachwa, ama huchukuliwa machache sana, kwa sababu jani ndilo linalolisha shina la chini kwa ajili ya mwaka ujao. Anayeng’oa majani yote, mwakani atakuta udongo mtupu. Ndiyo sababu watu wa misitu hufundisha watoto kwamba mtu asichume zaidi ya kinachojaa mkono mmoja.

Shada lake ni dogo siku zote. Vikonyo 20 au 30 hukusanywa, vichwa vikielekea nje pande zote, majani machache huzungushwa kama ukosi, kisha vyote hufungwa kwa uzi laini usiobana. Ukilichanganya na maua makubwa, halionekani tena, kama mtoto aliyesimama katikati ya watu wazima. Likiwekwa peke yake, harufu yake hujaza chumba. Wasomaji wetu wa pwani, ambao huwaona maarusi na vikuba vyao vya asumini na mkadi, hawatahitaji kuambiwa kwamba ua dogo jeupe laweza kuongea kwa harufu kuliko kubwa kwa rangi. Maisha yake ndani ya maji ni siku 4 au 5 tu, kisha kengele hugeuka rangi ya kahawia, moja baada ya moja, kuanzia chini.

Kwa sababu ya weupe wake na unyenyekevu wake, nyinyoro imekuwa ua la maarusi. Grace Kelly, mchezaji mashuhuri wa sinema wa Marekani, alipoolewa na Mwana wa Mfalme Rainier wa Monaco tarehe 19 Aprili 1956, angeweza kubeba maua yoyote ya dunia. Alibeba kitabu cha sala na shada dogo la nyinyoro ya bondeni. Ibada ilipokwisha alilipeleka shada lile katika kanisa dogo la Mtakatifu Devota, akaliacha humo. Catherine Middleton naye, alipoolewa na Mwana wa Mfalme William huko London tarehe 29 Aprili 2011, alikuwa na shada dogo lenye nyinyoro, na ilielezwa kwamba maana yake ni kurudi kwa furaha. Shada lile halikuwekwa nyumbani. Lilipelekwa juu ya kaburi la Askari Asiyejulikana ndani ya kanisa la Westminster Abbey. Desturi hiyo ilianzishwa mwaka 1923 na Elizabeth Bowes-Lyon, ambaye ndugu yake Fergus aliuawa vitani mwaka 1915. Siku ya arusi yake mwenyewe, alipokuwa akiingia kanisani, aliliweka shada lake juu ya kaburi lile, akaendelea kwenda mbele mikono mitupu.

Twayataja haya kwa sababu yafundisha jambo moja kuhusu shada la maua. Mwenye shada hana budi kuliachilia. Maua ya siku 5 hayawezi kuwa mali. Hayana kazi nyingine ila kutolewa.

Tena ua hili halikubali kunyang’anywa hata harufu yake. Maua mengi hukamuliwa au hupikwa, yakatoa mafuta ya manukato. Nyinyoro haitoi mafuta ya kutosha, na watengeneza manukato huiita ua lililo bubu. Fundi Mfaransa Edmond Roudnitska alipanda nyinyoro katika bustani yake ili ainuse na kuichunguza, kisha akaitunga harufu yake kwa vitu vingine kabisa. Manukato yale, yaitwayo Diorissimo, yalitolewa mwaka 1956 na nyumba ya Christian Dior, aliyelipenda ua hili kuliko yote.

Sasa tumefika kwenye sumu, nasi twaomba kila msomaji asome sehemu hii polepole.

Wahenga walisema, kizuri hakikosi ila. Nyinyoro ya bondeni ina sumu katika majani, maua, matunda na shina la chini, na sumu hiyo hutoka hata ikaingia katika maji ya chombo kilichowekewa vikonyo. Wataalamu wamehesabu ndani yake aina zaidi ya 30 za sumu ya moyo. Tusidhani hili ni jambo la mbali. Wawindaji wa nchi zetu, kama Wakamba na Wagiriama, tangu zamani walichemsha mti wa msunguti, wakapata sumu nyeusi ya kupaka mishale. Sumu ya msunguti na sumu ya nyinyoro ni ndugu wa karibu. Zote mbili huvuruga kazi ya kupitisha chumvi ndani na nje ya chembe za moyo, na mapigo hupotea utaratibu wake. Aliyekula hushikwa na kichefuchefu, kutapika, kuhara na kizunguzungu, na moyo wake huenda polepole mno ama hurukaruka. Zamani waganga wa Ulaya waliitumia nyinyoro kutibu moyo dhaifu, lakini kipimo cha kuponya na kipimo cha kudhuru vimekaribiana sana. Asithubutu mtu yeyote kujitengenezea dawa yake nyumbani.

Hatari ziko tatu. Ya kwanza ni matunda yale mekundu, kwa sababu mtoto huona tunda akadhani ni tamu. Ya pili ni maji ya chombo, kama tulivyosikia katika barua. Ya tatu huwapata watu wazima. Katika misitu ile ile, majira yale yale, huota kitunguu saumu cha mwituni, ambacho watu huchuma majani yake kwa chakula, na majani hayo yafanana sana na ya nyinyoro. Wengi husema, “Mimi nitanusa, nitajua.” Lakini aliyekwisha kuchuma majani 10 ya kitunguu saumu, vidole vyake vyote vyanuka kitunguu saumu, naye hunusa vidole vyake akidhani ananusa jani. Alama iliyo bora ni hii: jani la kitunguu saumu hutoka ardhini peke yake na kikonyo chake, lakini majani ya nyinyoro hutoka mawili pamoja, yamekumbatiana. Mwenye shaka na aache.

Ikiwa mtu amekula sehemu yoyote ya mmea huu au amekunywa maji yake, apelekwe kwa daktari mara moja, bila kungoja dalili, na jani au ua lichukuliwe pamoja naye ili daktari aone.

Nanyi mlio huku nyumbani msiseme, “Haya ni ya Wazungu.” Ni kweli kwamba nyinyoro ya bondeni haipendi nchi zetu za joto, kwa kuwa chipukizi lake lisipopata baridi ya kutosha halichanui. Lakini katika bustani nyingi za miji yetu, na hata za shule, umepandwa mti wa oleanda, wenye maua ya rangi ya waridi au meupe, na oleanda nao una sumu ya moyo ya aina hiyo hiyo. Walimu, tazameni uani penu. Hatusemi mkate mti. Twasema watoto wafundishwe jina lake na tabia yake, wasitafune majani yake wala wasichomee nyama kwa vijiti vyake.

Basi mama, hili ndilo jibu letu. Usimwandikie binti yako alitupe ua. Mwandikie anunue chombo kidogo cha maua, kisichotumika kwa chakula wala kinywaji. Akiweke juu, mbali na mkono wa mtoto wa mtu yeyote ajaye kumtembelea. Maji yake ayamwage mwenyewe, kisha anawe mikono. Na Mei ijayo, aamke mapema, anunue kikonyo kwa mzee wa pembeni mwa njia, abishe hodi kwa yule jirani, arudishe zawadi.

Tena ampe na mwingine aliye mgeni mjini, kama alivyokuwa yeye. Lakini asifanye kama alivyofanyiwa. Jirani yule alitoa kwa moyo mwema, ila alitoa nusu, kwa maana alitoa ua akaacha neno. Alidhani kila mtu anajua, kwa kuwa yeye amejua tangu utoto. Hilo ni kosa letu sote, wazazi na walimu, tunapowapa watoto na wageni kitu chema bila kuwaambia namna ya kukishika. Maneno ya kuongeza si mengi: “Ni zawadi ya Mei. Linuse, lifurahie, usiliweke katika bilauri.” Hayo husemwa mlangoni kwa pumzi moja.

Tunawaaga hapa. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza habari ya bustani ya shule na miche ya kivuli. Kwaherini.